Mtafiti Mkuu wa Ukumbi wa Furaha

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimekuwa mtafiti. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, ofisini kwa kaunti, mbele ya karani mwenye tai.

Nilikwenda kwa mara ya tisa kudai ukumbi wetu ufunguliwe. Karani akanisikiliza, akapiga miayo, akaniambia kwamba hisia si ushahidi. Miaka miwili nawaletea mabango na nyimbo, sasa niwaletee utafiti. Akaongeza kuwa tarehe kumi na nane kutakuwa na mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi, palepale uani pa ukumbi. Wakazi wasipoonyesha kwamba ukumbi una faida kwao, utavunjwa na kiwanja kiwe maegesho ya malori ya makontena. Kana kwamba Changamwe tuna upungufu wa malori.

Ukumbi wa Furaha umefungwa miaka kumi na mmoja. Watoto wa siku hizi wanaujua kama ukuta wa kubandika matangazo ya waganga. Sisi tunaujua kwa ndani. Sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka ukiinama unaona meno yako. Meza ya mpira wa mezani yenye mguu mmoja wa tofali. Televisheni ndani ya kizimba cha vyuma, maana ilikuwa moja tu kwa mtaa mzima, na mpira tuliutazama kati ya nondo. Mpaka leo nikitazama mpira kwa binti yangu Linda kule Nyali, kwenye televisheni isiyo na nondo, naona kuna kitu kimepungua.

Nimeamua. Nitaanzisha blogu ya utafiti. Jina: Starehe Zetu, Utafiti wa Burudani za Wafanyakazi wa Changamwe, 1978 hadi 2014. Mtafiti Mkuu: Fidel Changawa, karani wa stoo mstaafu, hoteli za Shanzu.

Nimemweleza mke wangu Nyamvula. Akauliza mtafiti mdogo ni nani. Nikamwambia nafasi iko wazi. Akanipa sinia la mbaazi nichambue.

Jumatano, 3 Septemba

Blogu imezaliwa. Nimeifungua kwa Janice, mwenye saiba karibu na kinyozi. Janice aliniuliza natumia njia gani ya utafiti. Nikamwambia kukumbuka. Akanitazama kidogo, kisha akaniwashia kompyuta ya pembeni, ile isiyo na herufi ya M.

Makala ya kwanza: mistari kumi na mmoja, saa mbili unusu. Nimeepuka maneno mengi yenye M, kwa hiyo ukumbi nimeueleza bila mlango wala meza. Janice alinionea huruma mwishoni akanihamishia kompyuta nyingine.

Jioni nimerudi kuangalia wasomaji. Watatu! Mmoja mimi. Mmoja Janice. Wa tatu yuko Finland. Janice anasema huyo huenda si mtu, ni mashine inayopitapita. Janice hana imani. Watu wa Finland wana viwanja vya starehe kila kona, ndiyo maana wanajali vya wenzao.

Nyamvula ameuliza kama huyo wa Finland atakuja mkutanoni.

Ijumaa, 5 Septemba

Mahojiano ya kwanza. Mzee Abdulaziz, aliyekuwa mtunzaji wa ukumbi tangu ulipofunguliwa. Nilimkuta barazani kwake baada ya sala ya Ijumaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniita kwa jina la marehemu kaka yangu. Macho yamemwisha. Ana miadi ya kupasuliwa jicho mwisho wa mwezi.

Nilimuuliza anakumbuka nini. Akaniambia anakumbuka miguu. Kila mtu alimjua kwa viatu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutazama sakafu. Anasema mimi nilikuwa navaa raba zilizotoboka upande wa kidole gumba, nikitembea kwa ncha ili nisionekane na cherehani. Nikamwuliza cherehani zina macho? Akacheka, akasema cherehani hazina, wasichana waliozikalia ndio walikuwa nayo.

Hili sitaliandika kwenye blogu. Ni kweli kwamba darasa la ushonaji lilikuwa kona ya kulia, na Nyamvula alikaa cherehani ya tatu. Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya drafti.

Kisha Mzee Abdulaziz akapapasa ukutani nyuma yake, akatoa ufunguo. Ufunguo wa ukumbi! Wa shaba, mrefu, una uzi mwekundu. Anasema siku ile walipofunga waliweka matangazo tu wakaenda zao, hakuna aliyekumbuka kumwomba. Nikanyoosha mkono. Akaufumba.

"Huu ni amana, mwanangu. Nilipewa mkononi, na wallahi utatoka mkononi, kwa haki. Si kwa mapenzi ya drafti."

Sikujua kwamba habari za drafti bado anazikumbuka.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada nimewahoji watu watano kuhusu rangi ya mlango wa ukumbi. Wawili wamesema kijani. Mmoja buluu. Mmoja kahawia. Wa tano ni Jerioth, aliyekuwa mwalimu wa ushonaji, mke wa Wafula. Yeye amesema nikamuulize mlango wenyewe, haujahama. Nimeandika: rangi bado inachunguzwa.

Kuhusu huyo Wafula. Alikuwa dereva wa winchi bandarini, sasa amestaafu kama mimi, anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Kwa miaka thelathini na minne anatangaza kwamba yeye ndiye bingwa wa drafti wa Ukumbi wa Furaha mwaka 1991. Uongo mtupu. Ubao wa mabingwa umo ndani, kushoto kwa jukwaa, majina yameandikwa kwa rangi nyeupe. Mwaka 1991 ni mimi. Nakumbuka nilivyorudi nyumbani usiku ule. Nilitembea kama mtu aliyepewa kiwanja.

Nyamvula anasema niandike kuhusu ushonaji, na maktaba ya kabati moja, na chanjo za watoto zilizotolewa pale kila mwezi. Nitaandika. Lakini utafiti huanza na jambo linalobishaniwa. Nimeandika makala ya pili: "Nani Hasa Alikuwa Bingwa wa 1991? Ushahidi Mpya." Ushahidi mpya ni mimi.

Jumanne, 9 Septemba

Wafula amejibu. Chini ya makala yangu kuna maneno: UONGO. NILISHINDA MIMI. W. Nimeyafuta. Baada ya saa moja akatokea mtu anayejiita Mpenda Haki. Naye anaandika kwa herufi kubwa tupu. Nimemfuta. Akaja Mwana wa Bandari. Nimefuta huyo pia.

Mchana Janice akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari ya msiba, kwamba Wafula amefungua blogu yake. Inaitwa Tuseme Kweli. Ameandika ratiba nzima ya ukumbi siku kwa siku: Jumatatu ushonaji, Jumanne chanjo, Jumatano kwaya, Alhamisi kisomo cha watu wazima. Ana wasomaji sitini na wawili.

Sitini na wawili! Mimi nina saba, na watatu kati yao ni Wafula.

Nimeisoma yote mara mbili. Sehemu ya kwaya imenitoa machozi, lakini Kiswahili chake ni cha bara.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata mpango. Wafula ana wasomaji, mimi nitakuwa na watu.

Morgan kinyozi ameshawahi kukaa kwenye kamati za mtaa, anajua mambo. Ananiambia mikutano hii wakubwa hawasikilizi maneno, wanaangalia karatasi ya mahudhurio. Karatasi ikijaa, wanajua wananchi wamejitokeza. Ikiwa na majina kumi na mawili, wanajua hakuna anayejali. Basi kazi yangu ni moja: karatasi ijae.

Nimezunguka nyumba arobaini. Kila mtu nimemwambia afike, atie sahihi mlangoni, kisha anywe soda. Hili halihitaji maelezo mengi. Sisi tumelizoea: ukiona karatasi na kalamu mlangoni unatia sahihi, unapewa soda, unakaa. Iwe ni semina, iwe ni kikao cha harusi, iwe ni mkutano wa dawa za mbu. Kwa waliositasita nimeahidi mahamri ya Nyamvula.

Nyamvula bado hajui.

Jumamosi, 13 Septemba

Nyamvula amejua.

Nimeamkia kukanda unga. Wakati nakanda amepita Wafula, akasimama getini na kofia yake ya bandarini. Akasema amesikia nakusanya sahihi. Akauliza za kitu gani. Nikamwambia za mahudhurio. Akasema, kwa upole ule wake unaoudhi, kwamba bandarini hawatii sahihi ya mzigo ambao hawajaufungua. Kwanza isome sehemu ya juu ya karatasi, Bwana Changawa, halafu waite watu.

Nikamwambia ukumbi si kontena.

Akasema ndiyo, ndicho wanachotaka kuufanya. Akaenda zake. Kwa nini hakuondoka kwenye sentensi yangu? Mimi ndiye niliyekuwa na sentensi nzuri.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku kuu. Naandika nikiwa nimechoka lakini mshindi.

Hema lilipigwa uani. Viti vya plastiki mia mbili, vimejaa, watu wamesimama. Sala za kufungua, za dini mbili, dakika ishirini. Utambulisho wa wageni, saa nzima na robo. Kisha karani mwenye tai akasoma mpango kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja. Mkalimani akasimama, akatafsiri: wanataka kutuletea maendeleo. Akakaa.

Mimi nilikuwa mezani mlangoni tangu saa mbili. Hakuna aliyepita bila kutia sahihi. Mabibi wasioona vizuri niliwashikia kalamu. Juu ya karatasi kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza lakini foleni ilikuwa ndefu. Jumla: watu mia mbili na kumi na wanne. Jina la kwanza kabisa: F. Changawa. Watu wawili tu walikataa, Wafula na Jerioth. Wafula alivaa miwani, akasoma juu, akarudisha kalamu. Akaenda kwa karani na bahasha yake, akadai igongwe muhuri, naye abaki na nakala. Nikawaambia watu wasimjali, ana wivu wa blogu.

Wakati wangu wa kusema ukafika. Nilikuwa nimeandaa kurasa tisa. Mwenyekiti akanipa dakika mbili.

Dakika mbili, miaka thelathini na sita. Nilitaka kusema kuhusu sakafu. Nilitaka kusema kwamba baba yangu aliyekuja kutoka Kaloleni na gunia moja alijifunzia kusoma mle ndani, akiwa na miaka hamsini, na neno la kwanza aliloandika lilikuwa jina la mama yangu. Nilisimama. Nikamwona Wafula mstari wa tatu, amekunja mikono.

Nilieleza fainali ya 1991. Nilifika hatua ya kumi na nne ya mchezo, kengele ikalia.

Nyamvula hakupiga makofi. Amebeba karai lake tupu, ametembea mbele yangu njia nzima.

Lakini majina mia mbili na kumi na manne!

Jumatatu, 22 Septemba

Wamebandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi. Mlango ni kijani.

Tangazo limesema hivi: wakazi 214 walihudhuria, wakaelezwa mpango wa maegesho, na wakatia sahihi kuukubali. Karatasi imeambatishwa. Kazi ya kutoa vitu itaanza Jumatano. Chini yake karatasi yenyewe, na jina la kwanza, kwa mwandiko wangu wa stoo, ule uliosifiwa na meneja wa Kijerumani.

Nilisoma mara tatu. Nikakaa kwenye ngazi ya ukumbi. Nimeuuza. Si kwa pesa, kwa soda ya machungwa. Baba yangu alijifunza kuandika mle ndani ili mwanawe ajue kutia sahihi, na mwanawe ndiyo hiyo kazi aliyoifanya.

Nilikwenda kunyoa ili nitulie. Morgan alikuwa amefika nusu ya kichwa changu pale mteja mwingine alipoingia na habari. Morgan akazima mashine. Akaniuliza ni nani aliyemwita mama yake mzazi kutia sahihi. Nikamkumbusha kwamba habari ya karatasi ilitoka kwake. Akasema yeye alitaja karatasi, hakusema isisomwe. Alikuwa na haki. Nimerudi nyumbani na kofia.

Watu wananipita bila salamu. Kwa Mpwani hiyo ni zaidi ya kutukanwa.

Nyamvula amenimalizia kunyoa kwa wembe, vizuri sana. Mwisho akasema, "Baba Linda, hata mimi nilitia sahihi. Nilikuamini wewe, sikuiamini karatasi." Afadhali angenikata sikio.

Jumatano, 24 Septemba

Sijui nianzie wapi leo.

Saa tatu asubuhi walifika vijana watano na lori, na msimamizi wao anaitwa Kefa. Walikuwa na mkasi wa kukatia kufuli. Mtaa mzima ulisimama unaangalia. Mimi nilisimama nyuma ya mtaa mzima.

Mzee Abdulaziz akaja, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Akasema kufuli halikatwi. Hakupaza sauti. Akapapasa mlango kutoka juu kwenda chini, akatia ufunguo, akafungua. Akawaambia vijana wavue viatu. Nao wakavua! Kefa alikuwa kwenye simu, akasema wapange vitu mlangoni, yeye atarudi saa tisa.

Tukaingia. Harufu ileile. Nta, vumbi na chaki. Sakafu imefifia, lakini Jerioth alimwaga maji kidogo akasugua kwa kanga na wekundu ukatokea. Kizimba cha televisheni kipo, televisheni hakuna. Meza bado ina tofali lake. Kuna mama mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya chanjo, akasimama pale, akasema mwanangu alilia hapa. Mwanawe siku hizi ni baharia.

Mimi nilikwenda kushoto kwa jukwaa. Wafula naye. Tulifika pamoja, tukafuta ubao pamoja, yeye na leso, mimi na kofia.

1989, Abdulaziz. 1990, Abdulaziz. 1991, hakuna kitu. Nafasi tupu. 1992, Abdulaziz.

Mzee Abdulaziz akacheka peke yake nyuma yetu. Akamwagiza mjukuu achungulie chini ya jukwaa, atoe sanduku la bati. Ndani kuna madaftari. Daftari la zamu, kila siku kwa miaka yote: nani ameingia, amefanya nini, ametoka saa ngapi. Wafula akashika la kwanza, akafunua. Akasema, huu ndio utafiti. Akaita watu waje kutafuta majina yao. Ilikuwa kelele. Mama Morgan alijikuta mwaka 1983, Alhamisi, kisomo, amefika kwa wakati. Baba yangu yumo pia, mstari wa chini yake. Nimeweka kidole juu ya jina lake kwa muda.

Lakini mimi nilitaka 1991. Nikaipata: "Stima imekatika saa mbili na robo. Drafti haikuisha. Wafula vizibo vitano, Changawa vinne. Changawa ametoka." Na chini yake mzee alikuwa amechora ubao, kila kizibo mahali pake.

Nikasema mwandiko haueleweki. Mzee Abdulaziz akasema basi malizeni. Jerioth akaokota vizibo vya soda vya mkutano uani, tukapanga kama kwenye daftari, tukakaa sakafuni. Watu wakazunguka. Vijana wa kubeba wakakalia meza, wakaanza kuchagua upande. Watatu walikuwa wangu. Hakuna kilichobebwa.

Wakati Wafula anafikiria, Nyamvula aliingia na mahamri, akasimama kona ya kulia, pale ilipokuwa cherehani ya tatu. Akauliza tunabishania nini. Akaambiwa. Akasema mbele ya watu wote kwamba stima ilipokatika usiku ule mimi sikungoja. Nilikuja gizani nikigonga cherehani moja moja, nikimtafuta, nikamsindikiza mpaka relini, na palepale relini nikamuuliza kama naweza kwenda kwao Kaloleni kujitambulisha. Akakubali.

"Ndiyo maana unakumbuka umeshinda," akasema.

Nilitazama vizibo lakini sikuviona.

Wafula alinimaliza kwa hatua sita. Jua lilikuwa linaniingia machoni kupitia tundu la paa. Watu walipiga makofi mpaka mavumbi yakaanguka, na palepale Kefa akarudi, akakuta ukumbi una watu mia, wabebaji wake wanashangilia, na hakuna hata kiti kilichosogea. Akafoka. Wafula akasimama taratibu, magoti yakilia, akatoa nakala ya barua yake: pingamizi rasmi, sahihi mbili, muhuri wa tarehe kumi na nane. Kefa akapiga simu ofisini. Akasikiliza. Akapiga tena. Pingamizi litasikilizwa Oktoba ishirini na moja, na mpaka siku hiyo ukumbi unafungwa na kila kilichomo kinabaki. Kama drafti isingewaweka vijana chini, lori lingekuwa limeondoka na sanduku tangu asubuhi.

Kwa hiyo, ukifikiria kwa makini, kushindwa kwangu ndiko kulikouokoa ukumbi.

Jumamosi, 27 Septemba

Mzee Abdulaziz amepelekwa kupasuliwa jicho. Kabla ya kuondoka alituita mimi na Wafula. Akasema ufunguo hawezi kuuacha hewani, mmoja wetu aupokee. Tulibishana robo saa. Mwisho Wafula akasema yeye amechukua mchezo, mimi nichukue ufunguo. Nikaupokea kwa mikono miwili. Mzee akaniambia neno moja: amana.

Nimeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na ufunguo wa banda la kuku. Nyamvula aliutazama, akanitazama mimi, akautazama tena.

Jumanne, 30 Septemba

Blogu yangu imefika wasomaji kumi na tisa. Nimeandika makala: "Masomo Niliyojifunza." Somo ni moja. Usitie sahihi kabla ya wenzako. Wafanye wao watie.

Na leoleo nimepata nafasi ya kulitumia! Saa tano alifika kijana nadhifu mwenye faili. Alijiita Felix, bila jina la pili. Anatoka kitengo cha kuhifadhi funguo za kihistoria. Amesoma blogu yangu. Aliitaja kwa jina! Alisema ufunguo wa zamani kama ule unatakiwa upimwe na kupakwa dawa ya kutu, kisha utarudishwa Ijumaa.

Zamani ningempa tu. Leo nilimkazia macho. Nikamwambia bila sahihi hapana. Nikampa daftari langu, nikaandika juu kabisa kwa Kiswahili, "Nimepokea ufunguo," nikasoma mara mbili, nikamwambia atie sahihi. Akatia. Haisomeki, lakini ni ya kuvutia. Nikautoa msumarini, ule wenye uzi mwekundu, nikampa.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Ndani alikuwamo Kefa, gazeti mbele ya uso. Nilimsalimu, hakuitika. Labda naye ana matatizo ya macho.

Nyamvula aliporudi kutoka sokoni nikamweleza yote, hatua kwa hatua, na nikamwonyesha sahihi. Akauliza nimetoa ufunguo upi. Nikamwambia wa msumarini, wenye uzi mwekundu. Akakaa kwenye kigoda. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Sijamwona akicheka hivyo tangu tulipokuwa vijana, na nimefurahi kwamba utafiti umeirudisha furaha nyumbani.

Alhamisi, 2 Oktoba

Asubuhi ya kelele. Kuku wamefungiwa tangu jana na ufunguo wa banda hauonekani. Nimewaambia mara ngapi katika nyumba hii vitu viwekwe mahali pake? Morgan amekuja na msumeno kukata kufuli. Ananisalimu tena, lakini alipoambiwa kilichotokea aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Nyamvula hajajali. Amevaa kamba shingoni, kuna kitu cha shaba, kirefu, kisicho na uzi, ndani ya gauni, anasema ni chake. Amekwenda ukumbini na Jerioth na Wafula kunakili majina ya madaftari kwa ajili ya tarehe ishirini na moja. Wanaingiaje na ufunguo uko kwenye matengenezo? Nadhani kuna dirisha. Nitaandika makala kuhusu madirisha.

Felix amepiga simu mara tatu tangu asubuhi. Anasema ufunguo umekataa kuingia. Nimemwambia asitumie nguvu, autie mate kidogo, auzungushe polepole kuelekea kushoto. Kufuli lile ni la zamani, lina mambo yake, na mimi ndiye ninayelijua.